Semina ya Ndoa Imefanikiwa: Nani Kasema?

Siku ya kufunga semina ya wanandoa inafanana karibu kila mahali. Viti vimepangwa viwili viwili, kuna keki, kuna soda, kuna cheti chenye majina ya wote wawili. Mwezeshaji anaomba ushuhuda. Mama mmoja anasimama na kusema siku hizi mzee akichelewa anapiga simu. Makofi, vigelegele. Kisha inapitishwa karatasi ya maswali matano: mada zilieleweka? Mwezeshaji alikuwaje? Utawashauri wengine waje? Mwezi haujaisha, ripoti imeshafika kwa mfadhili ikisema karibu washiriki wote wameridhika na ndoa zao zimeimarika.

Asifuye mvua imemnyea, ila hapa mvua inasifiwa wakati wingu ndiyo kwanza linajikusanya. Yaliyofundishwa hayajajaribiwa. Ada ya muhula haijadaiwa, shemeji hajaja kukaa wiki moja iliyogeuka miezi miwili, simu haijaingia saa tano usiku kutoka namba isiyo na jina. Karatasi ile inapima kwamba chakula kilikuwa kizuri na mwezeshaji anapendeka. Hayo ni mema, lakini si ndoa.

Mipango ya kusaidia wanandoa imejaa kwetu: mafundisho ya ndoa parokiani, semina za makanisa, darasa za ndoa misikitini, makungwi wa mjini wanaolipwa kwa kikao, miradi ya mashirika yenye vitabu vya mwezeshaji vya kurasa mia mbili. Wote wanasema wanajenga ndoa, na huenda wengi wanajenga kweli. Msimamo wetu ni huu: mpango haujathibitisha kitu mpaka mume na mke wameulizwa kila mmoja peke yake, muda mrefu baada ya semina, sambamba na wanandoa wa hali ileile ambao hawajapata mafunzo. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, unachoshika mkononi ni ushuhuda.

Tuanze na hicho cha tatu, maana ndicho kinachorukwa zaidi. Watu hawajiandikishi kwenye semina ya ndoa mambo yakiwa shwari. Wengi huja baada ya ugomvi mkubwa, baada ya kugundua mkopo wa siri, baada ya mke kurudi kwao wiki tatu. Wakipimwa siku hiyo, wanapimwa wakiwa shimoni. Baada ya miezi sita baadhi yao wangekuwa wamepanda juu hata kama wangebaki nyumbani, kwa sababu mkopo umelipwa au wazee wameingilia. Mradi unaolinganisha “kabla” na “baada” kwa washiriki wake peke yao unajichukulia sifa za wazee.

Mfano mzuri uko jirani. Mashariki mwa Kongo, katika Kivu zote mbili, shirika la misaada la kimataifa la IRC liliendesha mpango wa vikundi vya majadiliano vya wanaume vilivyokutana kwa wiki 16, lengo likiwa kupunguza ukatili dhidi ya wake zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mitazamo ya wanaume ilibadilika: walihalalisha kupiga kidogo kuliko wenzao, na waliongeza kushiriki baadhi ya kazi za nyumbani. Lakini wake walipoulizwa wenyewe kama walipigwa au kulazimishwa mwaka uliopita, vijiji vyenye mafunzo na vijiji vya kulinganisha havikutofautiana. Mradi ule ungewahoji wanaume tu, ungeandikiwa ushindi. Ungekosa vijiji vya kulinganisha, mabadiliko yoyote ya miaka ile, hata yaliyoletwa na hali ya usalama, yangehesabiwa kuwa matunda ya semina.

Marekani walijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Serikali yao ilifadhili mradi ulioitwa Building Strong Families, katika maeneo manane, kwa wapenzi wasiooana waliokuwa wanatarajia mtoto au wamepata mtoto karibuni. Zaidi ya jozi 5,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu, nusu kwenye mafunzo na nusu nje. Gharama ilifika dola 11,000 hivi kwa kila jozi. Baada ya miezi 15, ukijumlisha maeneo yote, tofauti haikuonekana. Oklahoma kulikuwa na nafuu kiasi. Baltimore mambo yakawa mabaya, waliopewa mafunzo wakiwa wameachana zaidi na wanawake wao wakiripoti zaidi kushambuliwa vibaya. Baada ya miezi 36 hakukuwa na tofauti ya maana katika ubora wa uhusiano wala katika kukaa pamoja. Mradi mwingine, Supporting Healthy Marriage, uliowahusu waliokwisha kuoana, jozi 6,298, uliona wanandoa wakielewana vizuri kidogo baada ya miezi 12 na bado baada ya miezi 30, ila idadi ya waliobaki kwenye ndoa haikubadilika.

Sababu moja ya matokeo yale ya kwanza inafaa ikaziwe macho na yeyote anayepanga semina hapa kwetu. Mtaala ulikuwa wa saa 30 hadi 42, na sehemu kubwa ya walioandikishwa hawakuhudhuria hata kipindi kimoja. Mtu ana zamu ya usiku, ana mtoto mchanga, hana nauli. Kitabu kilikuwa kizuri, watu hawakuwepo.

Sasa twende Rwanda, ambako habari ni tofauti. Mpango wa Indashyikirwa, wa mashirika matatu, CARE, RWAMREC na Rwanda Women’s Network, uliwachukua wanandoa kutoka vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo tayari vilikuwa vinakutana kila wiki. Vipindi vilikuwa 21 kwa muda wa miezi mitano hivi, na kila kipindi kiliisha na zoezi la kwenda kufanya nyumbani. Tathmini ilihusisha jozi 1,680 katika tarafa 28, tarafa 14 zikipata mafunzo na 14 zikibaki na vikundi vyao vya akiba bila mafunzo. Miezi 24 baada ya kuanza, kwa maneno ya wake wenyewe, uwezekano wa kupigwa au kulazimishwa ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na tarafa zile nyingine. Waume nao, waliohojiwa peke yao, walikiri kushuka kwa karibu nusu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata mbili zilitoa maji ya rangi moja.

Mpango mwingine wa hukohuko, Bandebereho, uliwalenga wanaume wa miaka 21 hadi 35 wenye watoto wadogo au wanaotarajia: vipindi 15 kwa mume, mke akijumuika katika 8. Jozi 1,199 zilipimwa miezi 21 baadaye na tena baada ya miaka sita, na nafuu ilikuwa bado ipo. Miaka sita ni muda wa kutosha kwa mashemeji wote kuja na kuondoka.

Watu hupenda kunukuu Rwanda wakaishia hapo. Mpango uleule wa Indashyikirwa ulikuwa na sehemu ya pili: wahamasishaji waliopita kwenye jamii kubwa nje ya vikundi. Kwenye jamii hiyo, ukatili haukuonekana kupungua kwa sababu ya mradi. Anayekuambia amefundisha jozi 30 na “kufikia wanajamii 9,000” anastahili kuulizwa hao 9,000 walipimwa na nani.

Mwanza nako kuna somo la udongo. Utafiti wa MAISHA ulifundisha wanawake peke yao, vipindi 10, ndani ya vikundi 66 vya mikopo vyenye wanawake 1,049. Baada ya miezi 29, asilimia 17 ya waliofundishwa walisema walipigwa katika mwaka uliopita, dhidi ya asilimia 23 ya ambao hawakufundishwa. Kwenye kulazimishwa tendo la ndoa, tofauti haikuonekana. Kisha masomo yaleyale yakapelekwa kwa wanawake wasiokuwa kwenye vikundi vya mikopo, na safari hii ukatili haukupungua. Kitabu kilekile, jiji lilelile. Anayenunua mtaala uliofaulu mahali fulani auulize pia ulipandwa kwenye kikundi cha namna gani: kilikuwa kinakutana kwa lipi, tangu lini, na kwa nini watu wake hawakimbii kipindi cha tisa.

Namba nazo zina tabia ya kudanganya bila kusema uongo. SASA!, mpango maarufu wa Kampala, hutajwa kwamba ulipunguza kupigwa kwa wake kwa asilimia 52. Kipimo hicho kilitoka kwenye jamii nane tu, nne dhidi ya nne, na wigo wa uhakika wake, yaani eneo ambamo ukweli wenyewe ungeweza kuangukia, ulianzia kupungua kwa asilimia 84 hadi kuongezeka kwa asilimia 39. Dalili zake nyingine zilielekea upande mzuri na sisi tungeuunga mkono. Lakini asilimia 52 iliyokatwa mkia wake ni tangazo.

Sasa mwenye parokia, msikiti au kikundi kidogo atasema: hayo ni mambo ya vyuo vikuu. Hapana, sehemu kubwa inawezekana kwa ndoo na karatasi.

Tuseme jozi 60 zimejiandikisha na ukumbi unabeba 30 kwa awamu. Nusu watasubiri hata kama hakuna tathmini. Kawaida wanaotangulia ni waliowahi kujiandikisha, yaani wenye hamu, au wanaojuana na katibu. Hapo ulinganisho umeshakufa, kwa sababu wenye hamu wangeendelea vizuri zaidi hata hivyo. Badala yake wahoji wote 60 kwanza. Kisha andika namba 1 hadi 60 kwenye vipande vya karatasi vinavyolingana, kunja, tikisa ndooni, na mtu asiye wa mradi achomoe 30 mbele ya watu. Hao wanaanza, waliobaki wanaingia awamu ya pili baada ya kipimo cha mwisho. Mahojiano lazima yatangulie kura. Ukihoji baadaye, aliyekosa atajibu akiwa amenuna na aliyepata atajibu kwa shukrani, na tofauti hiyo utaibeba mpaka mwisho ukidhani ni ya mafunzo.

Hasara yake isemwe waziwazi. Kama foleni ni ya miezi sita, utajua habari za miezi sita tu. Pia majirani huzungumza. Mke aliyefundishwa na mke anayesubiri wanakutana bombani, na vipengele vizuri vitavuka ukuta. Wanandoa wakiwa wa kitongoji kimoja au jumuiya moja ndogondogo, piga kura ya jumuiya, usipige ya jozi. Ila ukumbuke kwamba jumuiya mbili dhidi ya mbili hazisemi kitu, hata kila moja ikiwa na jozi mia.

Halafu kuna idadi. Dodoso linalotumika sana kupima kuridhika kwa wanandoa, lililotolewa na Funk na Rogge mwaka 2007, lina toleo la maswali 16 lenye alama 0 hadi 81. Chini ya 51.5 huchukuliwa kuwa uhusiano una shida. Tuseme kwa kundi lako alama za mtu wa kawaida ziko mbali na wastani kwa 16 hivi, juu au chini. Kuona kwa uhakika unaokubalika tofauti ya alama 8 kati ya makundi mawili unahitaji watu 64 kila upande. Tofauti ya alama 3 inadai karibu 450 kila upande. Kwa jozi 30 dhidi ya 30, utaona muujiza tu, na semina nzuri ya kawaida itaonekana imefeli. Njia ya mwenye mfuko mdogo ni subira: tumia dodoso lilelile, kura ileile, awamu baada ya awamu. Awamu saba za jozi 60 zinakupa 210 kila upande. Kinachoharibu kazi hii ni mratibu mpya anayekuja awamu ya tatu na “kuboresha” maswali.

Waliotoroka nao wahesabiwe. Chukua mfano: jozi 40 zimeanza, 26 zimemaliza, 24 kati ya hizo zinasema mambo ni mazuri. Ripoti itaandika asilimia 92. Ukigawanya kwa walioanza unapata asilimia 60, na zile jozi 14 huenda ndizo zenye habari unayoihitaji kuliko zote: mume aliyekataa kurudi baada ya kipindi cha pesa, mke aliyefungiwa nyumbani. Aliyepangiwa mafunzo anabaki upande wa mafunzo kwenye hesabu, awe alihudhuria vipindi 21 au sifuri. Tenga fedha za kuwatafuta. Namba tatu za simu kwa kila mtu, mojawapo ya ndugu asiyehama, zikusanywe siku ya kwanza.

Kuhusu maswali yenyewe, lugha yetu ina mtego ambao mafasiri wa madodoso huuruka. “Je, umeridhika na ndoa yako?” Kwa Kiswahili kuridhika ni sifa ya mtu mwema, dada wa subira na shukrani. Mwanamke mwenye dini atajibu ndiyo akiwa na jicho limevimba, kwa sababu umemuuliza kama ni mtu wa kukufuru neema. Uliza matendo na siku. “Wiki iliyopita, ni siku ngapi mlikaa mkazungumza zaidi ya robo saa, simu zikiwa pembeni?” “Jana nani alimwogesha mtoto?” “Mara ya mwisho pesa ilipoingia, ulijua ni kiasi gani?” Kwenye ukatili, maswali yaliyotumiwa katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani, ambao hapa Tanzania ulifika Dar es Salaam na Mbeya, hayaulizi kama mume ni mkatili. Yanauliza kama aliwahi kukupiga kofi au kukurushia kitu ambacho kingekuumiza. Mke hatakiwi kumhukumu mumewe, anatakiwa kukumbuka.

Maswali ya chumbani yafuate njia hiyohiyo, na kwa maneno ambayo anayejibu angeyatumia. Wengine husema unyumba, wengine tendo la ndoa, vijana watakushangaa kwa yote mawili. Usiulize mara ngapi peke yake. Idadi inaweza kupanda kwa sababu mke amefundishwa kwamba kukataa ni dhambi. Uliza mara ya mwisho usipotaka, ulisema? Uliposema, ikawaje? Mpango unaopandisha idadi huku ukishusha uwezo wa kusema hapana umeharibu kitu, na dodoso la mara ngapi litaupa tuzo.

Usalama hauna mjadala. Mke na mume wahojiwe wakati mmoja, sehemu mbili tofauti zisizosikizana, mwanamke akihojiwa na mwanamke. Jina la utafiti linalotajwa mtaani liwe la kawaida, mathalani afya na maisha ya familia. Mtu akiingia ghafla, mhojaji ana ukurasa wa pili wa maswali ya chanjo na maji anaohamia bila kubabaika. Majibu ya mmoja hayafiki kwa mwenzake, hata kwa jina la usuluhishi, na kabla ya swali la kwanza mhojaji ajue atampeleka wapi mwanamke atakayesema anatishiwa maisha. Jozi yenye hofu ya namna hiyo isikalishwe kwenye semina ya pamoja. Alilolisema mke mbele ya mwezeshaji mchana anaweza kulilipia usiku. Kwa jozi hiyo, kuachana salama kuhesabiwe kuwa nafuu. Ndiyo maana idadi ya ndoa zilizobaki, kipimo ambacho viongozi wengi wa dini hukipenda, haitoshi kuwa kipimo kikuu.

Na kuna mpango mmoja mkubwa wa kusaidia wanandoa ambao Tanzania imekuwa nao kisheria kwa zaidi ya miaka hamsini, na hauhesabiwi kuwa mpango: mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite huko kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Baraza likishindwa linatoa hati ya kwamba limeshindwa. Likifaulu, hakuna hati inayokwenda popote. Kwa hiyo mahakama inawaona walioshindikana tu, na baraza linawahesabu wasiorudi kuwa wamepatana. Ndani ya hao wasiorudi kuna waliopatana kweli, kuna mke aliyekata tamaa, kuna mume aliyehamia Tunduma na familia nyingine, na kuna aliyekosa nauli ya kikao cha tatu. Kwenye daftari la katibu wote wameandikwa neno moja. Simu mbili baada ya miezi sita, moja kwa mke na moja kwa mume, zingetosha kuanza kuwatenganisha.